Ying Suzhen na Unga Usioanikwa Juani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja, ingawa huyu tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kukaa. Mvua ya plamu, ile ndefu ya mwanzo wa kiangazi, imepita. Kuta zetu bado zina ukungu, viatu vimeota manyoya ya kijani chini ya vitanda. Kesho ni tarehe sita ya mwezi wa sita kwa kalenda ya wazee, siku ya kuanika. Mifarishi itatoka, makoti ya baridi yatatoka, kila kamba ya hapa Ningbo itajaa. Na Bi. Ying Suzhen hayupo.

Bi. Ying Suzhen alifariki wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake kando ya Mto Yao, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mtengenezaji wa sumaku. Nasema tena kwa waliofungua redio sasa hivi: Bi. Ying Suzhen, mtengenezaji wa sumaku, amefariki.

Siyo zile sumaku ngumu zinazochomwa mpaka ziwe kama jiwe. Za kwake zilikuwa za unga. Unachukua unga wa sumaku, unauchanganya na gundi kidogo, unaushindilia kwenye mashine, unauoka tanurini mpaka gundi ikaze, unapaka rangi kuzuia kutu, mwisho ndipo unaupa nguvu ya kuvuta. Pete ndogo za namna hiyo zimo kwenye mota za feni zenu, kwenye pampu zenu, kwenye midoli ya wajukuu zenu. Hamzioni. Yeye aliziona kila mahali. Aliingia nyumbani kwa mtu, kabla ya kupokea chai alishaweka sikio kwenye feni.

Nilipokuwa nazunguka vijiji vya mto huu na kinasa sauti changu, nilijaribu mara nyingi kumhoji akiwa ameketi. Nilishindwa. Alikula amesimama, bakuli mkononi, akitembea toka mlangoni hadi kwenye mapipa ya unga, toka mapipani hadi mlangoni. Binti yake, Yaqi, aliniambia juzi, "Mama alilala kama mtu anayesubiri basi. Ukikohoa tu, ameshavaa viatu."

Mapipa yale ndiyo yalimkosesha usingizi. Alikuwa na unga mweusi, wa bei rahisi, usioshika kutu, wenye nguvu ndogo. Huo ni wa midoli na milango ya friji. Alikuwa na unga wa kijivu, wa madini ya neodimiamu, vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Huo una nguvu kweli, lakini una maudhi. Unyevu unauchosha, joto linauchosha, hewa tu inauchosha. Mteja akija na michoro yake, Suzhen hakuuliza kwanza anataka nguvu kiasi gani. Aliuliza, "Itaishi wapi?" Kwenye joto? Kwenye maji? Mfukoni mwa mtoto? Baada ya hapo ndipo alipochagua unga.

Sheria zake za ghalani zilijulikana kijiji kizima, maana alizipigia kelele. Pipa moja tu linafunguliwa kwa wakati mmoja. Pipa likitoka kwenye baridi lisifunguliwe mpaka lizoee chumba, la sivyo litatoa jasho ndani. Unga usichotwe kwa chuma, uchotwe kwa upawa wa mbao. Na lile vumbi laini kabisa linalopita kwenye chekeche liwekwe kwenye kopo lake, lifungwe, lingoje kutupwa na wenye kazi hiyo. Vumbi lile likipata hewa na joto, linatafuta sababu ya kuwaka.

Sasa, wasikilizaji, twende kwenye kiangazi cha mwaka 1999.

Karakana ilikuwa ya Suzhen na mumewe, Lou Jianbo, ambaye, tunashukuru, yuko hai. Walikuwa wamepata oda iliyowafanya watembee kifua mbele: pete za pampu za kusukuma maji ya moto ndani ya nyumba wakati wa baridi. Pete ambazo zingeishi kwenye joto. Suzhen alichagua unga wa kijivu, ile aina inayostahimili joto, akakesha nao mvua yote ya plamu akilalamika, "Unyevu huu, unyevu huu." Alilalamika sana. Na ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyemsikiliza.

Mtu huyo ni mama mkwe wake, Bibi Agui. Mkali kidogo, mcheshi zaidi. Hakutupa kitu maishani mwake, hata kamba ya mfuko wa mchele.

Tarehe sita ya mwezi wa sita, Suzhen alikwenda mjini kuonana na mteja. Jianbo alikwenda naye. Jua liliwaka. Bibi Agui akatoa mifarishi. Akatoa makoti. Akatoa picha ya marehemu mumewe ili nayo ipigwe jua. Kisha akakumbuka malalamiko ya mkwewe. Akafungua mapipa, akatandaza unga kwenye nyungo za mianzi anazokaushia mboga za haradali. Akaona kopo la vumbi limefungwa, akalionea huruma nalo. Akalianika pia.

Suzhen alirudi mchana. Jianbo ananisimulia, na sauti yake bado inacheka na kuogopa kwa pamoja.

"Mama, hiki ni nini?"

"Unga wako. Mwezi mzima unanililia unyevu. Nimekuanikia. Sema asante, haitakukaba koo."

Na bibi, ili kuonyesha jinsi ulivyokauka, akachota lile vumbi kwa upawa wa chuma wa jikoni. Upawa ukakwaruza jiwe la uani. Cheche moja. Ungo ukawaka mweupe, moto usio na moshi mwingi, wa kuumiza macho. Bibi Agui akakimbilia beseni la maji.

"Mama, weka beseni chini."

"Moto unazimwa kwa maji, hata kuku anajua."

"Huu ukipewa maji unapanda. Weka chini, Mama, nakuomba."

Ndoo ya mchanga mkavu, ambayo Suzhen aliiweka pale kwa ajili ya siku kama hiyo, ilikuwa tupu. Bibi alikuwa ameuchukua mchanga kukaangia maharage. Ulikuwa kwenye karai jikoni, bado una uvuguvugu. Suzhen akanyakua karai, akamwaga vyote juu ya moto, mchanga na maharage. Moto ukanyamaza.

Bibi Agui akatazama uani. "Maharage yangu," akasema.

Walicheka, ananiambia Jianbo. Kisha wakageuka kutazama nyungo nyingine, zile za unga wa oda. Kicheko kikaisha.

Maana unga ule haukuwaka. Ulikaa pale kijivu, unameta, mzuri kabisa kwa macho. Lakini ulikuwa umepikwa na jua na hewa tangu asubuhi. Ni pipa moja tu ambalo bibi hakulifikia.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuutupa unga ni kuipoteza oda, na ni kumwambia mama mzazi wa mume wako, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa ukutani kutazama, kwamba ameua kazi ya nyumba. Kuushindilia ni kupeleka pampu zitakazokufa katikati ya baridi, kwenye nyumba za wazee kama Bibi Agui.

Jianbo alimvuta mkewe pembeni. Ananiambia bila kujificha, "Nilimwambia ashindilie. Nilimwambia, Mama ana presha, ukitamka neno tu utanizikia mama. Akanitazama kana kwamba mimi ni mteja asiyejua anachotaka. Akaniuliza, 'Zitaishi wapi?'"

Suzhen hakutamka neno kwa mama mkwe. Alishindilia pete kadhaa kutoka kwenye nyungo, na kadhaa kutoka pipa lililofungwa. Akazioka, akazipa nguvu. Zote zilining'iniza misumari sawasawa. Jianbo akasema, "Unaona?" Kesho yake Suzhen akazirudisha tanurini, kwenye joto kama la pampu, kutwa nzima. Yeye akazunguka uani kutwa nzima.

Jioni akamwita Bibi Agui. Akampa misumari na pete mbili, bila kumwambia ipi imetoka wapi. Bibi akaning'iniza. Pete ya kwanza ikashika mnyororo mrefu wa misumari. Ya pili ikashika kidogo, kisha misumari ikaanguka mezani, mmoja baada ya mwingine.

Bibi akaigeuza mkononi. "Hii imechoka," akasema. Akaokota msumari mmoja. Halafu akasema, "Ni ya kwangu, siyo?"

"Ni ya mapipa yetu," akajibu Suzhen. "Mimi ndiye niliyelalamika kutwa bila kueleza."

"Usinibembeleze kama mtoto. Mwaga."

Ni yeye mwenyewe aliyesema. Mwaga. Suzhen akampigia mteja, akamweleza kilichotokea, akampelekea pete za pipa lile moja tu. Kazi iliyobaki ikapewa karakana nyingine. Jianbo hakuongea na mkewe mpaka kaa wa kutiwa chumvi walipoanza kuuzwa sokoni, miezi kadhaa baadaye. Lakini baridi ilipofika, pete zile chache ziliendelea kuzunguka.

Tangu mwaka ule, kila tarehe sita ya mwezi wa sita, Bibi Agui aliweka kibao mlangoni mwa ghala, akaketi, akiwafokea hata paka. "Huku hakuanikwi kitu." Alipofariki, Suzhen akakalia kibao kile. Mara moja kwa mwaka, wasikilizaji, mwanamke yule aliketi. Kutwa nzima.

Jana nilimpigia simu Bwana Jianbo. Nikamuuliza kesho atafanya nini, maana karakana ilishafungwa na mapipa ni matupu.

"Nitaanika mfarishi wake," akasema. "Kisha nitakaa mlangoni."

"Ukilinda nini, bwana?"

Nikasikia hatua zake sakafuni, huku na huku.

"Sijui. Lakini asikute pamefunguliwa."

Kwa Bwana Lou Jianbo, kwa Yaqi, na kwa wote wa nyumba ile ya kando ya mto, tunawapa pole. Nanyi mnaonisikia, kesho mkitandaza vitu vyenu juani, kabla hamjamtendea mtu wema, mwulizeni kwanza anahitaji nini. Na kama kuna feni karibu nawe, sogeza sikio. Inazunguka.