Usiguse, Fundi Aliyesema "Gusa"

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara ambaye mtaa mzima ulimwita Usiguse. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumikia maabara moja ya sekondari, akiwa ndani ya koti lake jeupe lililotobolewa na asidi.

Jina walimpa wanafunzi. Ukinyoosha tu mkono kuelekea chupa, sauti inatoka chumba cha nyuma: "Usiguse." Mjane wake ameninong'oneza, nami siwezi kukaa na jambo tamu hivi peke yangu: "Hata nyumbani baba watoto aliikemea sufuria. Kifungua mimba wetu alijua kusema 'usiguse' kabla ya kusema 'mama'."

Basi shuleni akaja binti asiyeona. Alitaka kemia. Akaambiwa atasoma nadharia, na siku za majaribio atakaa pembeni, asimuliwe. Lakini bila jaribio la vitendo katika mtihani wa mwisho, chuo cha sayansi asingekiona mlango. Narudia, wapendwa: bila jaribio, hakuna chuo.

Usiguse alimkuta kwenye stuli yake ya pembeni, anaandika.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Naambiwa rangi imegeuka, fundi. Naandika nilivyoambiwa. Huu ni umbea, si kemia."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Kisha akavua miwani, akaifuta, akasema: "Njoo hapa. Gusa."

Darasa zima liligeuka kuhakikisha ni yeye aliyesema.

Toka siku hiyo hakushikika. Alichukua bomba la sindano, akaitupa sindano, akachonga mikato kwenye kijiti chake cha kusukumia, ili binti ahesabu kipimo kwa ukucha. Chupa ya asidi aliivisha rababendi moja, ya alkali mbili. Na kutoka kwenye redio mbovu, ndiyo, redio, aliunga kidude kinachohisi mwanga. Maji yakibadilika rangi, mlio unabadilika.

Mkaguzi wa mitihani akaja kuamua kama binti ataruhusiwa. Hapo mzee wetu akaharibu. Alitaka maabara ing'ae. Asubuhi akapanga kila kitu upya, vidogo mbele, vikubwa nyuma, vikapendeza machoni. Binti akaingia, akanyoosha mkono penye asidi, akashika hewa. Alipotafuta pembeni, bika ya kioo ikaanguka, ikavunjika.

"Nani amepanga?"

"Mimi, mwanangu. Nilitaka papendeze."

"Basi umenizimia taa, fundi."

Mkaguzi alishaanza kufunga faili. Usiguse akamwomba robo saa. Akafagia vioo, akasimama mezani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, binti akaamuru.

"Kulia. Nyuma kidogo. Hapo hapo. Sasa usiguse tena."

Inasemekana hata mkaguzi aliziba mdomo kwa faili.

Kisha binti akafanya kazi. Tone, tone, tone. Mlio mwembamba ukawa mzito, mkono ukasimama. Akarudia mara tatu, majibu yakalingana. Mkaguzi akafumba macho, akajaribu mwenyewe. Akapitiliza kipimo. Akafumbua macho, akatia saini.

Binti alifanya mtihani wake kwa mikono yake. Leo yeye ndiye mwalimu wa kemia katika maabara ile ile. Aliniambia kwa simu: "Walionionea huruma walikuwa wengi. Yeye aliniuliza vitu vikae wapi."

Kwako mama, mjane wetu, kwa watoto na wajukuu: poleni sana. Nyumba yenu imepoteza sauti, nasi tunaomboleza pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, kesho ukifika kazini, tazama ulichokipanga kikakupendeza. Umemuuliza anayekitumia?

Tangu siku ile ya bika, Usiguse alipigilia vipande vya mbao juu ya meza, kila chupa na mahali pake. Vimechakaa sasa. Wiki hii walikuja mafundi kuving'oa waweke meza mpya. Mwalimu aliwajibu kwa neno moja tu, wapendwa, na nyote mnalijua.