Jailos Akakamuliwe au Asikamuliwe

Benchi la Uyole ni ubao uliong'olewa kwenye bodi la Fuso, ukawekwa juu ya matofali nyuma ya pale wanapopakia viazi. Mwezi wa saba huwa tunakaa hapo tumebanana, si kwa upendo, kwa baridi. Kahawa anauza Lusia, mtu wa Iringa, mwenye birika moja na maoni mengi. Profesa yupo kila siku. Jina alilipata kwa kusoma chuo mwaka mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje ukawa mmoja. Injinia ni fundi wa breki, na hajakutana bado na kitu ambacho si breki. Asubuhi hiyo katikati yao alikaa Jailos, dalali wa viazi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, umevaa gambuti kama mwenzake. Ulikuwa umevimba. Saluni mpya nyuma ya soko imetundika bango: MASAJI YA LIMFU, TUNAKAMUA MAJI NA SUMU. Jailos alishajiandikisha, zamu yake saa nne. Mchana kuna Fuso ya kupakia, na dalali asiyeweza kupanda juu ya gari kusimamia magunia yake huyo ni mtazamaji tu. Alichotaka kwa wenzake kilikuwa kidogo: wamwambie masaji hayo yanamfaa au hayamfai.

JAILOS: Jamani, niende au nisiende?

PROFESA: Subiri. Hili linataka utafiti.

Akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani.

PROFESA: "Limfu ni majimaji yanayozunguka mwilini na kusaidia kuondoa taka." Umesikia? Ni mfereji wa maji machafu. Wa kwako umeziba.

JAILOS: Umezibwa na nini?

PROFESA: Na taka.

LUSIA: Taka zipi? Huyu anakula viazi na maharage.

PROFESA: Wanga, Lusia. Wanga ukilala bila kutumika, unaganda.

INJINIA: Msimchanganye mgonjwa. Hiyo ni breki. Mpira ukiingia upepo, unavimba. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini analegeza nati. Upepo ukitoka, gari linakwenda zake.

JAILOS: Nati yangu iko wapi?

INJINIA: Saluni watakuwa wanajua.

LUSIA: Mimi nina wifi yangu kule Iringa, Verediana. Alifanyiwa upasuaji wa titi, mkono ukaja kuvimba. Hospitali ndio waliompima, ndio waliomfundisha hayo masaji. Na wala hawakamui. Wanapapasa taratibu, kama unampaka mtoto mchanga mafuta.

INJINIA: Kupapasa! Dada, huyu ni mtu mzima, anabeba magunia ya lumbesa.

PROFESA: Halafu huo ni mkono. Kwenye mkono maji yanashuka, kwenye mguu yanapanda. Mifumo miwili tofauti kabisa.

Nilitegemea mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Jailos alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani.

PROFESA: Tuendelee. "Faida zake: hupunguza uvimbe, huleta usingizi, ngozi hung'aa."

JAILOS: Ngozi sina shida nayo.

PROFESA: Itakuja bure. "Tahadhari: usifanyiwe huduma hii kama una..."

Akaigonga simu kwa kidole. Akainyanyua juu, kuelekea mlimani.

JAILOS: Kama una nini?

PROFESA: Bando limekata.

JAILOS: Sasa kama una nini, Profesa?

Mtu mwingine hapo angekwama.

PROFESA: Kama una mimba.

JAILOS: Sina.

PROFESA: Basi inakufaa.

LUSIA: Lakini kaka Jailos, si ungepita kwanza hospitali? Wakuangalie tu, halafu hiyo saluni haihami.

JAILOS: Hospitali, hapana.

Alisema haraka mno, akaona mwenyewe, akashusha sauti.

JAILOS: Mnamkumbuka Sifaeli? Aliingia na kidole cha mguu kimeoza kidogo. Katoka na magongo. Sasa mimi nikipanda magunia kwa magongo, viazi vya nani vitaondoka hapa?

Lusia akammiminia kikombe ambacho hakukiomba.

INJINIA: Yuko sawa. Hospitali wana misumeno. Saluni hawana hata kisu.

PROFESA: Na tusisahau hali ya hewa. Baridi ya Uyole hii, limfu inaganda kama mafuta ya nazi. Ndiyo maana mtu wa Kyela, kule kwenye joto, havimbi.

LUSIA: Nani kakwambia watu wa Kyela hawavimbi?

PROFESA: Umeshawahi kumwona?

INJINIA: Kama imeganda, hao saluni watakamua nini? Watahangaika bure. Lazima iyeyuke kwanza. Nina Scania pale naitengeneza, nikiiwasha hivi sasa, mguu ukae juu ya injini nusu saa, limfu inashuka yenyewe. Akifika saluni ni kumalizia tu.

PROFESA: Kitaalamu tunaita maandalizi.

INJINIA: Ukitoka hapo unacheza mpira, mwanangu.

Na Jailos akainuka. Mtu mwenye akili zake, anayejua kwa kutazama tu kama gunia limejazwa viazi vidogo katikati, akainuka kwenda kuweka mguu juu ya injini. Hatua ya kwanza ilimshinda. Alimshika Lusia begani, uso umejaa jasho. Jasho, Uyole, mwezi wa saba.

Hapo ndipo alipofika Prabha, ambaye wote tunamwita Mama Parth, mwenye duka la kamba na vifaa upande wa pili wa barabara. Alikuja na chupa yake ya chai, sweta juu ya sari, soksi ndani ya kandambili.

MAMA PARTH: Lusia, nijazie kahawa. Na wewe Jailos, mbona unatokwa jasho hivyo?

INJINIA: Limfu, mama. Tunampitisha kwenye injini, halafu saluni wakamkamue.

MAMA PARTH: Wamkamue nini?

PROFESA: Mguu. Nimeshafanya utafiti.

MAMA PARTH: Haya. Ukoje?

PROFESA: Umevimba.

MAMA PARTH: Nasikia umevimba. Nauliza ukoje. Mwekundu? Wa moto? Una kidonda?

Profesa akamtazama Injinia. Injinia akatazama gambuti.

MAMA PARTH: Nani kauona?

Kwenye benchi letu hakuna anayevua gambuti. Harufu ya humo ndani ni siri ya mtu na mkewe. Tulikuwa tumeujadili mguu ule kuanzia mfereji hadi Kyela, na hakuna aliyekuwa ameuona.

MAMA PARTH: Jailos, vua.

JAILOS: Halitoki.

LUSIA: Halitoki tangu lini?

JAILOS: Juzi.

LUSIA: Umelala nalo?

JAILOS: Nilifikiri baridi ikipungua litatoka.

Injinia akaleta kisu cha kukatia kamba za magunia. Nikiri kwamba alikata vizuri, polepole, ulimi umetoka nje kidogo. Gambuti likafunguka. Mguu ulikuwa mwekundu hadi karibu na goti, unang'aa, soksi imejichora kwenye nyama, na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka. Lusia aliusogezea mkono, akaurudisha haraka kabla hajagusa.

LUSIA: Unawaka.

MAMA PARTH: Sasa hapo mlitaka akamuliwe wapi?

Profesa alivua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta sana.

JAILOS: Mama Parth.

MAMA PARTH: Nakusikia, baba.

JAILOS: Wataukata?

MAMA PARTH: Sijui.

Jailos akamtazama kama vile alikuwa hajawahi kusikia mtu mzima akisema neno hilo.

MAMA PARTH: Sijui, baba. Nikikwambia hawakati, nitakuwa nakudanganya. Ila ukikaa hapa mpaka mchana, siupendi huo mguu. Twende, nitakaa na wewe mpaka watakapokuita.

JAILOS: Na Fuso?

MAMA PARTH: Fuso itapakiwa. Inuka.

Akasimamisha bajaji kwa kuingia barabarani mbele yake. Lusia akafungua kitenge cha kiunoni, akaufunika mguu, akaingia nyuma na kuupakata kama mtoto. Birika akaliacha pale pale kwenye jiko. Jailos alikuwa amefumba macho, lakini hakukataa tena.

Bajaji ikaondoka. Nikabaki benchini na Profesa na Injinia, katikati yao gambuti lililokatwa limelala kifudifudi.

INJINIA: Profesa.

PROFESA: Eeh.

INJINIA: Angeenda saluni, je?

PROFESA: Kwani nani alimwambia aende? Mimi nilikuwa nasoma tu.