Mguu wa Melvin Opiyo, Ambao Mashine Haikuusikia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Melvin Opiyo, mpiga ngoma wa Kitengela. Alifariki mwaka wa 2008, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Kama humjui, si kosa lako. Wengi hawakumjua.

Melvin alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa. Mama yake, Achola, alimkanda miguu tangu utotoni. Kanisani walimpa ngoma kwa sababu hakuweza kusimama na kwaya. Huko ndiko alikojulia kupiga. Baadaye akajiunga na vijana wa roki nzito, ule muziki wanaouita metal.

"Mnapiga ngoma ama mnabomoa nyumba?" mama alimuuliza.

"Zote mbili, Mathe," Melvin akajibu, na nyumba nzima ikacheka.

Kundi lao lilirekodi kwa Kiama, fundi wa sauti, katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Naomba muielewe vizuri kazi ya Kiama. Muziki ule unataka ngoma zinazonguruma, na ngoma zao zilikuwa kuukuu. Kwa hiyo fundi hutega mashine isikilize kila pigo. Ikisikia pigo, inaondoa mlio wake na kuweka mlio mwingine mnene, uliorekodiwa ng'ambo kwa ngoma ya bei ghali. Pigo ni lako. Mlio ni wa kuazima.

"Ni kama kumvisha mtu suti," Kiama alizoea kusema. "Mtu ni yule yule."

Nyimbo za kwanza zilivaa suti zikapendeza. Lakini wimbo wa mwisho Melvin aliupiga akiwa mgonjwa, mguu wa kupigia ngoma kubwa umelegea. Kiama alipompelekea wimbo huo hospitalini Kajiado, Melvin alisikiliza kidogo, kisha akavua spika za masikioni.

"Fundi, mguu wangu uko wapi?"

"Ulipiga pole. Mashine haikuusikia."

"Na wewe, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi niweke mimi. Usiweke mguu wa mtu mwingine pale. Niahidi."

Kiama akaahidi. Akarudi Kitengela, akaiamuru mashine isikilize hata pigo dogo. Ikawa balaa. Mashine ilinasa mlio wa kiti, ikanasa Melvin akivuta pumzi, na vyote ikavigeuza kuwa ngoma. Ilibaki njia moja. Melvin mwenyewe apige ile ngoma kubwa ya mguu kwa nguvu. Pigo moja tu zuri. Hilo Kiama angeliweka mwenyewe, kwa sikio lake, kila mahali mguu wa Melvin ulipogusa. Mlio wake, wala si wa kuazima.

Alikuja kutoka hospitalini ameshikwa na mama yake. Akaketi, akapiga. Hafifu. Akapiga tena huku ameuma kola ya shati. Hafifu zaidi.

"Ngoja, Kiama. Bado niko na nguvu."

Akauinua mguu kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeinua gunia, akauachilia. Ukaangukia kando ya pedali, kile kikanyagio cha ngoma.

"Kiama, mwanangu," mama akasema, "zima hiyo kitu. Nakuomba."

Halikupita juma. Melvin alifariki, na pigo lile halikupatikana.

Lemayian, mpiga gitaa aliyeliongoza kundi, hakutaka wimbo ucheleweshwe. "Buda, weka ile ya kuazima," alimwambia Kiama. "Watu watatucheka. Na tumetoa jasho sisi wote, si Melvin peke yake."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomtesa fundi. Huku amemwahidi marehemu, huku anawaangusha walio hai. Mwishowe alitengeneza wimbo kwa namna mbili, akamwita Mama Achola achague, na Lemayian akiwepo.

Kwanza akawafungulia ule wa mlio wa kuazima. Madirisha yakatetemeka. Mama Achola alifumba macho, akatabasamu. Kiama anatuambia hapo alidhani ahadi yake imevunjika. Kisha akawafungulia wa pili, wa mlio wa Melvin mwenyewe. Mguu ulijikokota nyuma ya gitaa, mara upo, mara haupo. Mama akaziba mdomo kwa mkono.

"Huyo wa kwanza," alisema hatimaye, "ndiye nimemuomba Mungu miaka yote. Mtoto mwenye miguu. Ningeambiwa nichague, ningemchukua huyo." Akajifuta uso kwa leso. "Lakini sikumzaa huyo."

Lemayian alitoka nje. Wimbo ukatolewa jinsi Melvin alivyoupiga. Watangazaji waliukataa. Vijana wenzao waliucheka. Kabla ya mwaka kwisha, kundi lilivunjika.

Mama Achola, pole sana. Pole kwako na kwa jamaa yote. Hatuna la kukupunguzia uchungu, na hatutajifanya tunalo. Wasikilizaji wapendwa, mnaposimulia habari za wagonjwa wenu waliotangulia, je, mnasimulia habari zao wenyewe, au za wale mliotamani wawe?

Sasa tunaucheza wimbo wa Melvin Opiyo, mpiga ngoma wa Kitengela. Sogeeni karibu. Mkiona ngoma inapotea, msiguse kitu. Redio zenu hazijaharibika.