Mke Asiyezamishwa Amuaga Mchungaji Obadia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa makanisa yetu, Mzee Ernesti. Wachungaji mliotoka Korogwe na Kabuku. Sheikh Sufiani na majirani zetu wa hapa Kwaluguru. Kina mama mnaotokwa machozi kwa moshi wa jikoni. Ndugu wageni waalikwa: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Ratiba inasema mke wa mchungaji atatoa shukrani fupi. Nitashukuru. Ufupi sikuahidi.

Huyu mnayemuaga leo, Mchungaji Obadia Singano, amehubiri miaka yote kwamba ubatizo ni kuzama mwili mzima, kwa hiari, ukiwa na akili zako. Na miaka yote hiyo amelala kitanda kimoja na Msambaa, binti wa Walutheri, aliyenyunyiziwa maji akiwa hana hata jino. Ndiye mimi, Asnath. Je, yupo mhubiri aliyepewa msikilizaji mgumu kwa karibu namna hii?

Aliniuliza mara moja tu, tulipokuwa maharusi. "Asnath, utazamishwa?"

Nikamwambia, "Nimekwisha kubatizwa, mume wangu. Mama alinibeba mgongoni kwenye utelezi wa mlimani mpaka kanisani. Nikizamishwa, nitakuwa nimemwambia alijisumbua bure."

Akajibu, "Haya, nimesikia." Hakurudia tena.

Lakini kanisa letu la wakati ule, la Mashewa, lilikuwa na upendo, ule upendo usiomwacha mtu apumue. Likaunda kamati. Kamati ikakaa kunijadili sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu, na mimi niliyeimimina sikuulizwa neno. Mwisho wakamwambia mchungaji: mkeo azamishwe, ama wewe uondoke.

Haikupita muda, ikafika Jumapili ya ubatizo, mto Lwengera umejaa. Baba Glory, ndivyo nimwitavyo mume wangu nyumbani, akateleza, maji yakamchukua. Mashemasi, watu wa imani, wakaanza kuomba wakiwa nchi kavu. Mimi nikaingia. Nikazama utosi hadi nyayo, nikaikamata kanzu yake, nikamburuta mpaka kwenye matete. Hata sijamaliza kutapika maji, Mzee Ernesti, ambaye ndiye aliyeongoza ile kamati, akapaza sauti:

"Haleluya! Mama mchungaji amezama! Tumeona wote! Shauri limekwisha!"

Na kweli lingekwisha. Mume wangu alitakiwa kusema amina tu, abaki na kanisa lake, na nyumba, na shamba la mahindi lililokuwa limeanza kubeba. Akakaa kwenye tope, anakohoa, anatetemeka. Akasema:

"Mzee wangu, huyu alikuwa anatafuta mume, hakutafuta ubatizo. Siwezi kusema uongo juu ya mke wangu."

Ndugu zangu, ukweli una thawabu yake. Yetu ilikuwa uhamisho. Kwa hekima ninayoistaajabia mpaka leo, mhubiri wa maji mengi akaletwa Kwaluguru, ambako siku zile hata maji ya kunawa yalifuatwa mbali kwa punda. Mahindi yetu ya Mashewa yakavunwa na wanakamati. Nasikia yalikuwa matamu.

Nililia njia nzima. Yeye alinishika mkono, hakunilaumu hata kwa jicho.

Hapa akabatizia kwenye lambo, ng'ombe wakitazama. Sheikh Sufiani alikuja siku ya kwanza, akauliza, "Mchungaji, hao unaowazamisha, maji wanayarudisha?"

"Yote, Sheikh, labda yanayobaki nguoni."

"Basi endelea."

Sijawahi kusikia kikao cha dini kifupi kuliko hicho. Na lambo lilipokauka, Baba Glory alingoja mvua. Hakumharakisha mtu, kama ambavyo hakuniharakisha mimi.

Mzee Ernesti, leo umemsifu mume wangu kwa msimamo usioyumba. Nakushukuru kwa dhati. Hakuna aliyeupima kama wewe.

Asubuhi hii jikoni, Rosina, mke wa mchungaji mpya, ameniuliza, "Mama, sasa baba anastaafu. Wewe mwenyewe unatakaje?"

Nikauweka mwiko chini. Ukimtoa Baba Glory, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Nikamjibu, "Mwanangu, siku nikifa, anizike mume wangu. Na kamati isikae."

Kwa masikio mliyonipa, asanteni sana. Pilau liko tayari, karibuni.