Mzee Mwinuko Ashusha Dumu la Maji

Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi Februari, ngazi za jengo letu zitarudi kutumiwa na watu wasiobeba maji.

Sababu ni kwamba Mchora Ramani Mkuu, cheo ambacho hakuna anayekitumia kwa kuwa sote tunamwita Mzee Mwinuko, anastaafu tarehe 31 Januari baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Miezi hii minane ya mwisho, kila siku mchana, amekuwa akipanda ghorofa zote nne mara sita akiwa na dumu la lita kumi mgongoni. Dada wa mapokezi alimwuliza, kwa heshima zote, kama amegombana na lifti.

Hakugombana na mtu. Alikuwa anajiandaa.

Alianza hapa kwa kunoa penseli za wakubwa. Karatasi yake ya kwanza ya ramani ilikuwa ya ule mlima wa jangwani unaoonekana kutoka dirishani kwetu, mgongo mmoja mkali kama meno ya msumeno. Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege ilikuwa safi, isipokuwa mahali pamoja chini ya kilele ambapo wingu lilikuwa limetupa kivuli. Mkubwa wa enzi hizo alitaka ramani kesho yake asubuhi. Mzee Mwinuko akakadiria: akachora upenyo kati ya majabali mawili, akatia saini, akaenda zake nyumbani.

Tangu hapo amechora karatasi mia mbili na kumi na saba na kufundisha nusu ya idara. Lakini hajawahi kupita dirishani pale bila kutupa jicho kule juu.

Mpango wake wa kuupanda mlima huo una kurasa saba. Njia hakuna; kuna kokoto zinazoteleza, miiba, na mita mia tisa za kwenda juu tu. Maji pia hakuna, hivyo kila mtu anabeba lita sita. Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri, na ikigonga saa tano, popote walipo, wanageuka. Ukurasa wa tano wote ni glavu za ngozi. Wa saba una mstari mmoja: upenyo usipokuwepo, tunarudi, na ramani nairekebisha mwenyewe. Ndiyo maana anakwenda Jumamosi hii, akiwa bado na ruhusa ya kugusa karatasi ya asili ya ramani hiyo.

Mkewe, muuguzi mstaafu, aliusoma mpango mpaka mwisho, akasema mtu mzima anayeogopa mstari wake mwenyewe haachiwi aende peke yake, kisha akaagiza viatu vya saizi yake. Dereva wa idara naye yumo. Mimi nilialikwa, nikalikumbuka goti langu.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kwamba kifutio si aibu. Tunakuombea miguu mizima, maji ya kutosha, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mkubwa anayezisubiri.

Nyongeza ya Jumatatu: mashine ya kuchapa ilikwama, hivyo nafasi ya kuongeza haya imepatikana. Wamerudi wote watatu, mkewe akiwa mbele. Mzee ameingia ofisini akichechemea, ametoa karatasi ya asili, amenoa penseli, amekaa.

Upenyo upo. Uko mita arobaini kushoto kwa pale alipouchora. Kwenye ramani, tofauti hiyo haifiki milimita moja.