Edah Mwaipaja, Mshika Mawili

Mchungaji, wafiwa wenzangu, nanyi nyote mliotoka Bowie, Landover na kwingineko, mimi ni Eliudi Mwaipaja, shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma habari zake ilhali mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wote, kwa hiyo nivumilieni.

Edah alizaliwa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, tarehe 14 Machi 1958, akasoma hukohuko na baadaye Mbeya, alikohitimu uuguzi mwaka 1980, akahudumu wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, akaja Laurel, Maryland, Juni 1999, akaanza upya kwa kuogesha wazee, hadi alipopata leseni ya uuguzi mwaka 2004, akastaafu 2022.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na kaka yangu Clement, wakajaliwa Bridget mwaka 1986 na Mark mwaka 1989, ambao kwa ubishi wamemfuata mama yao.

Mwaka 2009 alichaguliwa kuongoza kikundi chetu cha maombi, na aliomba kweli, kila alipopiga magoti sisi tulianza kuchungulia saa. Januari 2014, tukiwa katika mfungo wetu wa kila mwaka wa siku ishirini na moja, alitaka chakula cha mchana tulichojinyima kipikwe Jumamosi na kupelekwa kwa wasio na makao Landover, nasi wazee wa kikundi, mimi katibu nikiwa mbele, tukasema mfungo utageuka jiko, tukampa wiki moja achague, aongoze maombi au apike. Nilimtupia na methali, kwamba mshika mawili moja humponyoka, akanijibu kwamba Mungu kampa mikono miwili, nami ninayo miwili, nije nishike sufuria. Jumamosi hiyo alipiga magoti tangu saa kumi na mbili asubuhi, saa nne akainuka, akajifunga kanga, akabandika maharage, na kina mama wote wakamfuata jikoni wakiimba, tukabaki wanaume watano na ajenda yetu. Hakuna aliyethubutu kumwambia achague tena.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mfungo ulipofika tukataka kuahirisha chakula ili wote tubaki magotini kumwombea, naye akatukemea kutoka kitandani, akaagiza nusu waombe, nusu wapakue, na mimi niwe wa kupakua. Alituacha Jumamosi, tarehe 20 Januari 2024, saa sita na dakika kumi mchana, habari ikanikuta Landover na upawa mkononi, na wale waliokuwa kwenye foleni wakaweka sahani chini, wakavua kofia, wakanishika mabega, wakaomba kila mmoja kwa lugha yake, maombi ambayo katika vikao vyangu vyote sijapata kuyasikia.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wafanyakazi wenzake, na ndugu zetu wa Landover walioketi safu ya mbele, kwa kuwa familia imesema hao ni wafiwa.

Shemeji, nilikosea, nawe umeshinda, na Jumamosi ijayo tutaomba kisha tutapika. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana wako.