Jiwe la Mwajuma na Neno la Ahmadi

Sogeeni, wapwa zangu, kaeni kitandani hapa hapa, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sina pumzi ya kusema jambo moja mara mbili. Shadia, nitilie mto mgongoni. Twalibu, uache mlango wazi, nataka hewa ya mlima inifikie. Mimi Salum, mjomba wenu, kaka wa marehemu mama yenu Mwajuma, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na Mungu ni shahidi.

Jana, Twalibu, nilikusikia uani ukiwaambia majirani kwamba nikifa, Mjomba Ahmadi asikanyage msiba wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwita mama yenu mchawi mbele ya watu. Mwanangu, ulilosema ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu hiyo umelishwa na watu ambao hawakuwapo. Mlikuwa wadogo, mnakaa Bigwa kwa upande wa baba yenu. Mimi nilikuwapo. Basi sikilizeni nusu iliyobaki, kisha niwape vyenu.

Mama yenu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hilo mnalijua. Msichokijua ni jinsi alivyoipenda anga. Miaka ile ya ruksa ilipoanza, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu kutoka ng'ambo, na siku moja pale Mwembesongo, mjini, akaikuta darubini ya macho mawili katikati ya redio na viatu vya mitumba. Akaja nayo huku Kinole, akapanda kwenye lile jiwe bapa la shamba la juu, linalotazama mashariki kwenye tambarare, na tangu siku hiyo kila likizo alikuwa pale. Mwalimu mwenzake, Angelina, alimpa kitabu cha elimu ya nyota chenye majedwali, na humo Mwajuma akajifunza habari za asteroidi iitwayo Vesta. Akanieleza taratibu, kama anavyofundisha darasani: asteroidi ni jiwe kubwa linalozunguka jua kama dunia yetu inavyozunguka, ila lipo mbali na ni dogo, hata machoni hulitofautishi na nyota, mpaka ulivizie siku baada ya siku uone kwamba wenzake wametulia na lenyewe linahama.

Akalivizia. Alfajiri za kabla ya masika, kabla watu hawajawasha moto, alikuwa juu ya lile jiwe bapa na darubini yake, akirudi anachora kwa mkaa ukutani mwa nyumba hii: nyota hapa, nyota pale, na jiwe lake katikati. Nilimuuliza, dada, faida yake nini? Akacheka, akasema, "Kaka Salum, kitu kile hakijui kama mimi nipo, na bado mimi naweza kujua kesho kitakuwa wapi. Hiyo si neema?" Mimi ni mkulima, lakini nilimtazama nikaona fahari imenijaa kifuani.

Kisha masika yakaja na mawingu yakafunga mlima wote. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kali, na usiku mmoja udongo ukaporomoka, ukalifagia shamba lote la mananasi na pilipili manga la kaka yetu Ahmadi, likashuka hadi mtoni. Msiichukulie habari hiyo kwa wepesi. Ahmadi alikuwa amelilima shamba lile tangu ujana wake, na malori ya wafanyabiashara kutoka Dar ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kupanda huku kununua mazao bila kuulizwa kibali. Wenzake walikuwa wanauza, yeye amebaki na tope. Uchungu ukitafuta pa kutua, hutua kwa aliye karibu. Akaanza kusema kwamba Mwajuma anasimama gizani anaita mawe ya mbinguni, na jiwe limeitika, likamporomoshea shamba lake. Alama za mkaa ukutani zikawa ushahidi. Na mnajua desturi yetu Waluguru, ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba la juu lilikuwa la Mwajuma kwa haki ya ukoo, na Ahmadi akataka aondolewe Kinole, shamba lile apewe yeye.

Wazee wakatuita barazani. Mwajuma alisimama, akawasalimu shikamoo mmoja mmoja, kisha akasema, "Mimi siliiti na halinisikii. Lina njia yake, na njia hiyo inahesabika. Mara ya mwisho nililiona likielekea mashariki. Mvua ikikata, mtalikuta limegeuka, linarudi magharibi, na nitawaonyesha mahali penyewe kabla sijatazama. Nikishindwa, nitahama." Mzee mmoja akauliza jiwe linageukaje bila kuitwa. Akajibu kwamba haligeuki kweli. Ni kama unapopita njia ya mlimani ukamzidi mwendo mtu aliye njia ya ng'ambo ya bonde, ukimtazama unaona kama anarudi nyuma dhidi ya msitu, kumbe yeye anaendelea na safari yake, wewe ndiye umempita. Wazee wakatazamana. Mfano ule waliuelewa wote, maana njia zile ni zetu. Nami niliogopa, kwa sababu alikuwa ameweka rehani maisha yake juu ya kitu kilichofunikwa na mawingu.

Alipiga hesabu wiki nzima, masika yakiisha. Anga ilipofunguka, baada ya sala ya magharibi tukapanda watu wengi kwenye lile jiwe bapa. Alikuwa amechora kwenye ubao nyota zilizo chini ya mkia wa lile kundi la nyota liitwalo Nge, akatia msalaba mahali jiwe litakapokuwa. Darubini ikapita mkono kwa mkono. Wanangu, kwenye msalaba hapakuwa na kitu.

Minong'ono ikaanza. Ahmadi akasema kwa sauti, "Mmeona wenyewe." Ningekuwa mimi ningesingizia ukungu, ningesema macho ya wazee hayafai, ningesema lolote. Mwajuma alitazama yeye mwenyewe, kisha akashusha darubini na kusema mbele ya wote, "Nilipochora hapana kitu. Nimekosea mimi, jiwe halijakosea. Nipeni mpaka kesho." Kisha akafanya jambo ambalo nimeliwaza miaka yote hii. Alimwendea Ahmadi, akamkabidhi ile darubini kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, kaa nayo wewe, nisije nikasemwa kwamba nimechungulia."

Alimpa adui yake kitu pekee kilichoweza kumwokoa. Ahmadi angeweza kuiangusha njiani. Angeweza kusema imeibiwa.

Kulipopambazuka nilimkuta Mwajuma bado ameinama mezani. Alikuwa amesoma mstari usio wake kwenye jedwali, basi, kosa la jicho lililochoka, na hesabu yote ikafuata kosa. Akairudia yote, akafuta msalaba wa kwanza, akatia mwingine, akampa mzee wa baraza ule ubao akae nao hadi jioni.

Jioni tulipanda tena, na watu walikuwa wengi zaidi. Ahmadi alikuja na darubini ameifunga kwenye kanzu yake kuukuu isiingie umande. Mwajuma akasema, "Kaka ndiye atazame kwanza." Ahmadi akatazama ubao, akainua darubini, akarudi kwenye ubao, akaiinua tena. Nilijua anachokiwaza. Macho yalikuwa yake na ulimi ulikuwa wake. Akisema hapana, nani kati ya wazee wale wenye ukungu machoni angembishia? Shamba lingekuwa lake asubuhi. Akashusha darubini, akasema, "Lipo. Lipo pale pale." Kisha akaketi chini akalia, na mama yenu akaketi kando yake.

Siku zilizofuata wazee walipanda kwa hiari yao kutazama jiwe likirudi magharibi kidogo kidogo kama alivyosema, na hakuna aliyelitamka tena neno uchawi. Mwajuma alitaka kumgawia Ahmadi nusu ya shamba. Ahmadi akakataa, akasema hawezi kula juu ya ardhi aliyoitaka kwa uongo, akashukia Mwembesongo akawa mchuuzi wa machungwa, akarudi huku siku ya kumzika mama yenu tu, akasimama nyuma ya wote. Wajomba wengine wenye ndimi zisizo na mfupa ndio waliowasimulia nusu ya kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyemdhulumu ni yeye, na aliyemwokoa ni yeye, tena kwa hasara yake.

Basi sasa vyenu. Shamba la juu ni la Shadia, kama lilivyokuwa la mama yake. Asiliuze kwa mtu wa Dar wala wa hapa, ila awarithishe mabinti zake. Twalibu, nyumba hii utunze wewe, na miti ya karafuu ya bondeni uvune, hiyo niliipanda kwa mikono yangu. Darubini ni yenu wote wawili. Msiifungie sandukuni; waalikeni watoto wa shule watazame.

Nipeni maji kidogo... Hapo, yatosha.

Twalibu, njoo karibu, sikuoni vizuri. Kesho asubuhi ushuke Mwembesongo wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukifika kwa Mjomba Ahmadi umpe shikamoo, umwambie Salum anamwita. Akikupokea kwa uso wa hasira, vumilia. Siku yangu ikifika, yeye ndiye ashuke kaburini kunipokea. Ni mzee, najua, magoti yake... mshikeni mikono, mmoja huku, mmoja huku, lakini ashuke yeye.

Nimewaridhia, wanangu. Mungu awape macho ya kuona na... na ulimi wa kukiri mlichokiona. Awape watoto. Msigombane. Shadia, nilaze sasa, ubavu wa kulia... taratibu. Twalibu, mbona unalia? Nenda ukalale, mwanangu, safari ya kesho ni ya mapema.